Mgeni Hakuambiwa: Mvua, Upepo na Vitabu Viwili vya Kusini mwa Ufaransa

Shuleni mandhari tulifundishwa kwa dakika tano. Mwalimu aliandika ubaoni kwamba mandhari ni mahali na wakati, tukanakili, akatoa mfano mmoja, halafu tukahamia kwa wahusika maana huko ndiko kwenye maksi. Na sisi tunaojiita wahakiki chipukizi tumeendelea na mchezo uleule. Mvua ikinyesha katika riwaya tunaandika "mvua imetumika kama ishara ya huzuni", au ya neema, kutegemea kama mhusika kafiwa au kaoa, kisha tunafunga daftari.

Makala haya yametokana na kuchoshwa na ishara hizo. Nina vitabu viwili mezani, vyote vinamhusu mtu anayehamia shamba kusini mwa Ufaransa akakutana na mbingu asiyoielewa. Kimoja ni cha kuchekesha, kingine ni cha kuliza. Swali langu kwa vyote viwili ni moja, na pengine ni la kijinga: mvua isiponyesha kabisa, au ikinyesha yote kwa usiku mmoja, nani anajua mapema na nani hajui?

Cha kwanza ni A Year in Provence cha Mwingereza Peter Mayle, kilichotoka mwaka 1989. Cha pili ni riwaya ya Marcel Pagnol yenye sehemu mbili, Jean de Florette na Manon des Sources, ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambayo wengi wetu tuliifahamu kwanza kwa filamu mbili za Claude Berri za mwaka 1986. Mayle nimemsoma kwa Kiingereza. Pagnol nimemsoma kwa Kifaransa changu cha kuungaunga, kamusi ikiwa pajani. Sijaona tafsiri ya Kiswahili ya chochote kati ya hivyo, na nitalirudia jambo hilo mwishoni.

Niseme pia kwamba nimekaa huko. Karibu miaka miwili, katika kijiji kimoja cha mkoa wa Gard, si mbali na mto Vidourle. Silitaji hili kwa majigambo, maana nilikuwa mchuma zabibu tu na mlinzi wa mbwa wa watu. Nalitaja kwa sababu lilibadilisha nilivyosoma.

Tuanze na upepo. Sisi watu wa pwani tumelelewa na pepo zenye kalenda. Kaskazi inakuja na kuondoka, kusi inakuja na kuondoka, na nahodha anaweza kupanga safari na harusi yake kwa kuzifuata. Upepo wa kule uitwao mistral hauna adabu hiyo. Unatoka kaskazini, unashuka bonde la mto Rhône kama maji yaliyobanwa ndani ya bomba, na unaweza kupita kilomita 100 kwa saa. Ajabu yake ni kwamba unakuja na anga safi la buluu. Unachungulia dirishani unaona jua linang'aa, unatoka na shati, unarudi mbio. Wenyeji watakuambia unavuma siku tatu, au sita, au tisa. Mimi niliwahi kuhesabu zikawa nne, nikamwambia bibi mmoja jirani yangu, naye akanitazama kana kwamba nimekosea kuhesabu.

Nyumba za kale za huko zimeupa mgongo. Ukuta wa kaskazini hauna dirisha, na kama lipo ni kitobo cha paka. Misaiprasi imepandwa safu ili ikinge mashamba. Minara mingi ya kengele ina kichwa cha vyuma vitupu, upepo upite katikati usiiangushe. Yaani ukijua kusoma kuta, kijiji kizima ni maandishi. Lakini nani amfundishe mgeni kuyasoma?

Hapo ndipo Mayle anapoingia. Alikuwa mtu wa matangazo ya biashara, akaacha kazi, yeye na mkewe wakanunua nyumba ya mawe karibu na kijiji cha Ménerbes, chini ya milima ya Luberon. Kitabu chake kina sura kumi na mbili, Januari hadi Desemba. Kiliuzwa kwa mamilioni, BBC ikakitengenezea tamthilia mwaka 1993, na watu wakawa wanamiminika kuitafuta nyumba yake. Amefariki mwaka 2018.

Nilikisoma mara ya kwanza nikiwa Dar es Salaam na nilikichukia. Nilikiita kitabu cha tumbo. Kila kurasa chache mtu anakula, na akimaliza kula anazungumzia alichokula. Mafundi hawamalizi kazi mwaka mzima, mpaka Desemba mke anapobuni ujanja wa kuwaalika wao na wake zao kwenye sherehe ya kukamilika kwa nyumba, maana hakuna fundi atakayekubali mkewe aone kazi yake iko nusu. Nilisema hii ni Provence ya mtu mwenye akiba benki. Hali ya hewa kwake ni kitu cha kusimulia baada ya chakula.

Bado nasema hivyo. Ila niliposoma mara ya pili, kule kule, mwezi wa Januari, bomba la jikoni kwangu likiwa limeganda, niliona jambo ambalo sikuliona kwenye joto la Dar. Sura ya Januari ya Mayle inasimulia mistral inavyofika, baridi inavyoshuka, mabomba yanavyopasuka. Anakuja fundi bomba, Menicucci. Huyu bwana ana nadharia yake: baridi imezidi kwa kuwa dunia imepungua uviringo, imekuwa bapa kidogo, kwa hiyo upepo kutoka Siberia unapita njia ya mkato. Tunacheka, na ni haki yetu kucheka. Lakini tukiwa tunacheka, mgeni anaambiwa. Kwa upuuzi, kwa maringo, kwa saa nzima ya kupoteza wakati, anaambiwa baridi ya hapa ikoje na bomba lipitishwe wapi. Yupo pia Faustin, mkulima anayemlimia mizabibu kwa mkataba wa kugawana mavuno. Faustin kila siku ana habari mbaya kuhusu hali ya hewa. Mayle anamchora kama mtu wa kununa, na msomaji anacheka tena. Mimi hapo ndipo ninapomlaumu mwandishi. Faustin hana nuna yoyote. Fungu lake liko kwenye ile mizabibu, na mvua ya mawe ya dakika kumi inaweza kuliondoa. Mayle anaona sura ya mtu ikikunjamana anaiandika vizuri sana, lakini haandiki hesabu iliyoikunja.

Hata hivyo huyo Faustin anasema, na mgeni anasikia. Kitabu kizima cha Mayle ni kitabu cha mtu aliyezungukwa na watu wanaomwambia mambo: fundi, mwindaji, mkulima, muuza nyama. Ana pesa za kuwalipa, anawaita mezani, basi wanasema. Sidhani kama yeye mwenyewe alikusudia kutuonyesha hilo. Limeonekana tu.

Sasa mweke kando yake Jean Cadoret wa Pagnol.

Jean ni mtoza kodi wa mjini, mwenye kibyongo, amerithi shamba milimani upande wa mama yake Florette. Anahamia na mkewe aliyekuwa mwimbaji na binti yao mdogo Manon. Anakuja na vitabu. Atafuga sungura, atapanda maboga ya mbegu kutoka Asia, na amekokotoa yote, pamoja na mvua. Ana takwimu za miaka mingi: siku ngapi hunyesha katika masika, ngapi katika kiangazi. Kwenye karatasi shamba linalipa.

Asichokijua ni kwamba shamba lina chemchemi. Kijana Ugolin na mzee wa ukoo wake, anayeitwa Papet, wanaitaka ardhi hiyo kwa ajili ya maua ya karanesheni ya kuuza. Kabla Jean hajafika wanaiziba chemchemi kwa saruji, wanafukia, wanangoja. Kiangazi kinakuja bila mvua. Jean anabeba maji mgongoni kutoka mbali, kutwa mara kadhaa, na kibyongo chake. Kuna usiku ambao ngurumo zinasikika, familia inaamka, inatoka nje kuipokea mvua, na mvua inanyesha upande wa pili wa mlima. Wanaiona. Haiwafikii hata tone. Baadaye unavuma upepo wa joto wenye vumbi unaounguza kilichobaki. Mwishoni anajaribu kuchimba kisima kwa baruti, na baruti hiyo inamuua.

Wahakiki wengi hapo huandika kwamba ukame ni ishara ya ukatili wa maumbile. Jamani! Maumbile gani? Chemchemi ilikuwepo. Ilikuwa na maji. Ukame katika riwaya hii haujaua mtu. Umewapa watu pa kujificha. Papet na Ugolin wanalihitaji jua kali kuliko Jean anavyoihitaji mvua, kwa sababu jua likiwaka sana kila mtu anaweza kusema ni jua. Na kijiji? Wazee wa kijiji wanajua kuna chemchemi pale. Wanaicheza karata yao, wanakunywa kinywaji chao, wananyamaza. Jean kwao ni mtu wa Crespin, kijiji wasichokipenda, na desturi yao ni ile ile tunayoijua sisi: ya Ngoswe mwachie Ngoswe.

Tuna methali yetu ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimeitafakari sana nikisoma Pagnol. Jean hakungoja siku ya tatu, alikuja na jembe lake mwenyewe. Methali inasema mpe jembe, haisemi mwonyeshe kisima kilipo.

Na hapa ndipo zile takwimu zake zinaponichoma. Tulipotazama filamu na wenzangu, kuna mmoja alisema Jean kafa kwa usomi, kwamba aliamini vitabu badala ya ardhi. Kauli hiyo inapendwa na watu wengi, hata Papet anaipenda. Ni kweli kwamba wastani wa mvua haunyweki. Katika nchi ile wastani ni kiumbe wa ajabu: msimu wa vuli hewa ya joto yenye unyevu inatoka Bahari ya Kati, inagonga milima ya Cévennes, inamwaga yote papo hapo. Tarehe 8 na 9 Septemba 2002 mji wa Anduze ulipata karibu milimita 700 katika saa 24. Dodoma haipati kiasi hicho katika mwaka wa kawaida. Zaidi ya watu 20 walikufa katika mafuriko yale. Na jirani na hapo, Vérargues, tarehe 28 Juni 2019 kipimajoto kilifika nyuzi 46, joto ambalo halikuwahi kupimwa Ufaransa. Weka namba hizo pamoja ugawe, utapata nchi nzuri yenye mvua ya kutosha na joto la wastani. Kwa hiyo sawa, Jean alikosea hesabu. Lakini kwa nini alitegemea hesabu? Kwa sababu karatasi ndiyo pekee iliyokubali kuzungumza naye. Mtu asiyeambiwa na watu atauliza vitabu, angefanyaje? Menicucci mmoja tu, na uongo wake wote wa Siberia, angemwokoa.

Nilikuwa na sababu yangu ya kulishika hili kwa ukali. Chumba nilichopanga mwaka wa kwanza kilikuwa cha chini, bei poa, kuta zimepakwa chokaa mpya. Mwenye nyumba alinikabidhi funguo, akanionyesha taa, akanionyesha pa kutupa taka. Vuli ilipofika ilinyesha usiku kucha, na alfajiri kijito cha nyuma ya nyumba kikaingia ndani bila hodi. Hayakuwa mafuriko ya kuandikwa gazetini. Yalifika juu kidogo ya kifundo cha mguu, yakakaa asubuhi moja, yakaondoka. Lakini vitabu vyangu vilikuwa sakafuni, pamoja na daftari mbili za hadithi nilizoziandika kwa mkono tangu nikiwa kidato cha tano. Wino wa kalamu ya bei rahisi hauvumilii maji. We acha tu.

Nilipokuwa nakwangua tope ukutani chokaa ilibanduka, na chini yake nikaona mstari uliochongwa kwenye jiwe, na tarakimu za mwaka ambazo sikuweza kuzisoma zote. Alama ya maji. Vijiji vya kandokando ya Vidourle vinazo nyingi, mafuriko ya mto huo yana hata jina lake, na watu huchonga kuta ili wajukuu wajue. Ya kwangu ilikuwa kiunoni.

Yule bibi jirani alikuja na ndoo na matambara, akanisaidia siku nzima. Nikamwuliza, bibi, ulijua kwamba hapa panaingia maji? Akasema, "Kila mtu anajua, mwanangu. Nilidhani na wewe unajua."

Sikumkasirikia. Mwenye nyumba nilimkasirikia, ingawa sijui kama alipaka chokaa ile kuficha au kupendezesha tu. Lakini neno la bibi ndilo lililonirudisha kwa Pagnol, na likanifanya nione upungufu wake, maana sitaki msomaji adhani namsujudia.

Pagnol amepanga ukimya wake vizuri mno. Kuna wabaya wawili wanaoziba, kuna kijiji kinachojua, kuna mtu mwema anayekufa. Mbingu nayo inamtii mwandishi: mvua inanyesha mlima wa pili kwa wakati unaoumiza zaidi, na katika sehemu ya pili Manon aliyekua anaigundua chemchemi inayolisha kijiji kizima, anaiziba, na kijiji kinakauka kama baba yake alivyokauka. Ni hadithi tamu, inaridhisha. Filamu ilinitoa machozi na sikuona haya. Ila hali ya hewa niliyoishi nayo mimi haikuwa na mpango wowote na mtu, na ukimya ulioniharibia daftari haukuwa na Papet ndani yake. Ulikuwa na bibi mwenye ndoo. Ukimya wa "nilidhani unajua" hauna njama, kwa hiyo hauna mtu wa kumwadhibu katika sehemu ya pili. Huo Pagnol hakuuandika. Mayle kaugusa bila kujua, kwa upande wa kinyume, kwa kuandika kijiji kinachopiga domo kutwa.

Ninalomshukuru Pagnol ni kwamba ametufundisha kuitafuta saruji. Baada ya kumsoma huwezi tena kusikia habari ya mafuriko ukatazama juu peke yake. Tarehe 3 Oktoba 1988 maji yaliupiga mji wa Nîmes, watu wakafa. Mvua ilikuwa kubwa, hakuna anayekataa. Lakini maji yalishuka kwa kufuata mikondo ya zamani ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mikavu, na mji ulikuwa umeijengea juu mitaa na nyumba. Vaison-la-Romaine, tarehe 22 Septemba 1992, mto Ouvèze ulifagia kambi ya mahema na nyumba zilizokuwa kwenye uwanda wake, zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha, na daraja la Warumi lililopo pale tangu karne za mwanzo likabaki limesimama. Watalii waliokuwa kwenye mahema walikuwa wageni kama Jean, waliambiwa pa kuegesha gari na pa kuogea.

Ningependa kuona mwandishi wa huko wa leo akiandika riwaya kati ya vitabu hivi viwili: mdomo wa Menicucci na kiu ya Jean katika nyumba moja. Mfano wa jinsi ya kuandika upepo kama kazi ya mtu upo tangu zamani. Alphonse Daudet katika barua zake za kinu za mwaka 1869 ana kisa cha mzee Cornille, msaga nafaka ambaye vinu vya mvuke vimemnyang'anya wateja. Upepo bado unavuma, mabawa bado yanazunguka, lakini kinu ni kitupu, na mzee anajifanya anasaga ili watu wasijue. Hapo upepo haufananishwi na chochote. Umekosa ajira tu, pamoja na mzee.

Nimesema nitarudi kwenye tafsiri. Pagnol atafsiriwe kwanza, Mayle anaweza kusubiri. Kazi haitakuwa rahisi. Kuna maneno ya mimea na mawe ya vilima vile ambayo Kiswahili hakina sababu ya kuwa nayo, na kuna lile neno lenyewe lililobeba kitabu chote, chemchemi. Ni neno zuri lakini limechoka, lipo kwenye kila kasida na kila hotuba ya maendeleo, na msomaji ataliruka. Nimejaribu kurasa chache na kila mara nimeishia kwenye msemo niliousikia kwa bibi yangu mzaa mama, jicho la maji. Ugolin na Papet wanashuka usiku na saruji, wanalikuta jicho la maji, wanaliziba. Mhariri mmoja niliyemwonyesha amesema msomaji wa mjini hataelewa. Mimi naona ataelewa. Mwenye hoja nyingine ailete.